Bandari Zipimwe kwa Siku Zinazopotea

Aprili 11 na 12, 2022, mvua iliyonyesha katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ilizidi milimita 300 kwa saa 24 katika baadhi ya maeneo. Mvua ilipotulia, gati za bandari ya Durban zilikuwa bado zimesimama. Kilichokatika ni barabara ya Bayhead, njia kuu ya malori yanayoingia na kutoka kwenye yadi za makontena na matangi ya mafuta. Makontena yaliyokuwa yamepangwa nje ya bandari yalisombwa, mengine yakaishia katikati ya barabara kuu. Magogo, matete na takataka za plastiki zilizoshushwa na mito zilitanda bandarini, meli zikashindwa kusogea kwa usalama. Reli ya kwenda bara ilibomoka, na matengenezo yake yalichukua wiki kadhaa. Zaidi ya watu 400 walipoteza maisha.

Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution waliochunguza mvua ile walieleza kuwa ongezeko la joto duniani limeifanya mvua ya kiwango hicho itarajiwe mara mbili zaidi: ile ya mara moja kwa miaka 40 sasa ni ya mara moja kwa miaka 20. Anayejenga gati la kutumika miaka 50 aisome hesabu hiyo kwa makini. Mafuriko ambayo zamani angeweza kuyaona mara moja katika umri wote wa gati lake, sasa ayatarajie mara mbili au zaidi.

Kila mwaka wa fedha unapofungwa, mamlaka za bandari za Afrika Mashariki hututangazia tani zilizohudumiwa, idadi ya makontena na mapato yaliyokusanywa. Ni takwimu za kujivunia, maana zinapanda. Ipo namba nyingine ambayo ni nadra kuisikia: bandari ilisimama au kupunguza kasi kwa saa ngapi kwa sababu ya mvua, upepo, mawimbi, mafuriko au joto, na kila iliposimama, kilichokwama kilikuwa kitu gani. Bila namba hiyo, hakuna waziri, mwekezaji wala mwandishi anayeweza kusema kwa uhakika kwamba bandari zetu zinahimili mabadiliko ya tabianchi. Ndiyo maana natoa hoja kwamba kuitoa hadharani kuwe ni wajibu wa kisheria, kwa mamlaka za umma na kwa kampuni binafsi zilizopewa gati.

Pwani yetu haina kinga

Kwa muda mrefu tumejifariji kwamba vimbunga ni balaa la Msumbiji na Madagascar, na kwamba sisi tulio karibu na Ikweta tumesalimika. Historia haikubaliani na faraja hiyo. Aprili 15, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa na kuziteketeza meli za Sultan Barghash. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kingine kiliibomoa Lindi. Matukio hayo mawili yalipishana kwa muda mrefu kiasi kwamba kila kizazi kilipata nafasi ya kuyasahau.

Sasa nafasi hiyo haipo. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, kusini kidogo tu ya mpaka wa Tanzania, na wakazi wa Mtwara wakahimizwa kuondoka maeneo ya hatari. Aprili 2021, Kimbunga Jobo kilielekea Dar es Salaam, kikafifia kabla ya kufika. Mei 2024, Kimbunga Hidaya hakikufifia mapema kiasi hicho. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari, boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari, kimbunga kikafika Mafia Mei 4. Bandari kuu haikubomoka, na watu wengi wakapumua. Lakini huko Somanga, mkoani Lindi, maji yalizoa madaraja na makalavati, barabara ya Dar es Salaam hadi Mtwara ikafungwa kwa siku kadhaa, na malori yakapanga foleni pande zote mbili za shimo.

Tunajidanganya tukisema Hidaya ilipita salama kwa sababu gati za Dar es Salaam hazikuguswa. Bandari ya Mtwara inaitegemea barabara ile kwa mawasiliano yake na kaskazini. Daraja likianguka Somanga, bandari imeumia hata kama hakuna jiwe la gati lililotikisika.

Bandari inaanzia mbali na gati

Mfano ulio wazi zaidi ni Beira. Kimbunga Idai kilipotua usiku wa Machi 14, 2019, sehemu kubwa ya mji iliharibiwa, na zaidi ya watu 1,000 walikufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Bandari yenyewe ilirudi kazini upesi kuliko wengi walivyodhani. Tatizo lilikuwa barabara ya N6 inayoelekea Zimbabwe, ambayo mafuriko yaliikata sehemu kadhaa. Beira ni mlango wa nchi zisizo na pwani, Zimbabwe, Malawi na Zambia, kama Dar es Salaam na Mombasa zilivyo milango ya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Barabara ikikatika, kontena lililoshushwa salama gatini linabaki palepale, na mwenye mali aliye Harare au Lilongwe hana cha kumwambia mteja wake.

Beira ina fundisho jingine linalotajwa mara chache. Kabla ya Idai, mji huo chini ya Meya Daviz Simango ulikuwa umeanza kuufufua mkondo wa Chiveve unaopita katikati ya mji, na kukarabati mifereji mikubwa ya maji ya mvua. Maeneo yaliyokuwa na mifereji mipya yalikauka upesi kuliko mengine. Kazi ile haikupigiwa tarumbeta kama kreni mpya zinavyopigiwa, lakini siku ya msiba ndiyo iliyofanya kazi.

Ng'ambo nyingine ya dunia, huko Cartagena, Kolombia, kampuni ya Muelles el Bosque ilikubali mwaka 2011 kuchunguzwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, ili ijue mabadiliko ya tabianchi yataidhuru vipi. Wachunguzi walikuta kwamba gati lenyewe lingeweza kukaa miongo mingi bila kuzamishwa na bahari. Kilichokuwa hatarini mapema ni barabara ya chini inayoiunganisha bandari na nchi kavu, pamoja na sehemu za yadi. Kampuni ikaingiza mkono mfukoni kwa sababu sasa ilijua mahali pa kuanzia. Durban iligundua udhaifu wa barabara yake kwa vifo na hasara. Cartagena iligundua wa kwake kwa karatasi na kalamu, na gharama ya karatasi ni ndogo mno.

Wingu likitanda juu ya meli ya mbolea

Watu wakisikia tabianchi na bandari, hufikiria dhoruba kubwa. Hasara nyingi huja kwa njia ya kimya zaidi. Chukua meli iliyoleta shehena ya kichele, tuseme mbolea au ngano. Shehena hii haikufungwa kwenye kontena wala gunia. Imejazwa wazi ndani ya matumbo ya meli. Kreni inaichota kwa ndoo kubwa yenye taya mbili na kuimwaga kwenye faneli la chuma, na chini ya faneli lori moja linaondoka, jingine linaingia. Wakati wote huo msimamizi wa zamu anaangalia juu. Wingu likitanda upande wa bahari, hasubiri matone. Anaamuru kazi isimame, mifuniko ya chuma ya matumbo ya meli inafungwa, vibarua wanavuta turubali juu ya malori yaliyojaa nusu, na faneli linafunikwa. Mbolea ikilowa huganda ikawa mabonge; ngano ikilowa huota ukungu. Mvua inaweza kunyesha kwa nusu saa tu, lakini kufunga, kusubiri, kukausha na kufungua tena kunaweza kula sehemu kubwa ya zamu.

Mvua ya kawaida ya masika au vuli imeshawekwa kwenye hesabu za wenye meli. Mwaka ambao mvua inazidi mpaka, foleni ya meli nje ya bandari inarefuka, na kila siku ya kusubiri ina gharama ambayo mwishowe hulipwa na mnunuzi. Mkulima wa Mbeya au Sumbawanga anayetaka kupandia mahindi mvua za kwanza hajui kwamba mbolea yake ilichelewa kwa sababu ya mawingu ya Kurasini, bandarini Dar es Salaam. Anachojua ni kwamba mfuko umepanda bei, au haupo. Hakuna kumbukumbu ya umma inayounganisha siku alizosubiri na saa ambazo mifuniko ya meli ilikuwa imefungwa. Kumbukumbu hiyo ingekuwapo, tungeweza kujadili kwa hoja kama inafaa kujenga maghala yenye paa linalofika hadi ubavuni mwa meli, au mitambo ya kunyonya nafaka kwa mabomba yaliyofunikwa. Bila hesabu, mjadala huo ni wa kubahatisha.

Bahari inapanda, mifereji inarudisha maji

Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, linasema usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kasi imeongezeka hadi milimita 3.7 kwa mwaka katika kipindi cha 2006 hadi 2018. Ifikapo 2100, makadirio yake yanaanzia sentimita 28, iwapo dunia itapunguza hewa ukaa kwa haraka sana, hadi takriban mita moja iwapo itaendelea kuchoma mafuta na makaa bila kujali.

Mtu wa pwani anaweza kuuliza: sentimita 28 ni kitu gani, wakati bamvua kubwa ya Mombasa au Zanzibar hupandisha maji karibu mita 4 kutoka kupwa hadi kujaa? Jibu liko kwenye mdomo wa mfereji. Mifereji ya maji ya mvua ya bandari na ya mitaa inayoizunguka humwagia baharini. Maji yakipwa, mfereji unamwaga vizuri. Maji yakijaa, mdomo wake unafunikwa, na maji ya mvua yanakosa pa kwenda. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya bahari hupanda mferejini kuelekea juu na kukutana na ya mvua yanayoshuka, na yote mawili hutokea kwenye yadi, kwenye barabara ya lango, na kwenye nyumba za watu. Kila sentimita inayoongezeka baharini inarefusha saa ambazo mdomo huo umezibwa. Kwa hiyo uharibifu hautasubiri bahari ipande juu ya gati. Utatangulia kupitia mifereji, usiku wa bamvua, miaka mingi kabla gati halijazama.

Yapo pia yanayotoka bara. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi hadi kwenye mkondo wa Mwache, juu ya Port Reitz huko Mombasa, ukafukia mizizi ya mikoko na kuiua. Udongo uliofukia mikoko ni udongo uleule ambao, ukiendelea kushuka, hujaa kwenye njia za meli na kulazimu uchimbaji. Dar es Salaam nayo inapokea mito ya Kizinga na Mzinga kupitia hori lililo nyuma ya bandari. Milima ikikatwa miti na mabonde yakijengwa, bili inaletwa bandarini.

Tumefanya nini hadi sasa

Haki inataka tuseme yaliyofanyika. Mwaka 2018, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kuta za kuzuia mawimbi kando ya Barabara ya Barack Obama na huko Kigamboni, pande zote mbili za lango la bandari ya Dar es Salaam, ambako bahari ilikuwa ikimega ufukwe. Bandari yenyewe imeongezewa kina na kuimarishwa gati zake za zamani kupitia mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 345 ulioidhinishwa 2017. Mwaka 2022 benki hiyo iliidhinisha dola milioni 200 kwa bonde la Msimbazi, lile ambalo mafuriko yake yameifunga barabara ya Jangwani mara nyingi na kuiingilia karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa ndani ya bonde. Kenya, kwa upande wake, imebomoa tuta la Makupa lililoziba mkondo tangu 1929 na kuweka daraja, hivyo maji yanapita tena kati ya kisiwa cha Mombasa na bara.

Haya yote ni mema. Ukiyatazama pamoja, utaona kwamba kila moja lilibuniwa kwa sababu yake: bandari ipokee meli kubwa, mafuriko ya mji yapungue, barabara isimomonyoke, foleni iishe. Hakuna mahali panapojumlisha yote na kuuliza swali la mnyororo mzima: mvua kama ya Durban ikinyesha Dar es Salaam usiku wa bamvua, kontena litakwama wapi kati ya gati na Dodoma, na kwa siku ngapi? Je, ni Kurasini? Ni makutano ya Barabara ya Mandela? Au ni reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, ambayo mafuriko yameizoa mara nyingi hadi wenyeji wamezoea kuona mafundi? Mamlaka ya bandari haimiliki barabara. Wakala wa barabara haumiliki mto. Mamlaka ya bonde haina habari na meli. Kila mmoja anaweza kuonyesha kazi yake nzuri, na shehena ikakwama palipo mpaka kati yao.

Kujipima wenyewe hakutoshi

Mwamba ngoma huvutia kwake, na bandari inayojipa alama hujipa za juu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo, UNCTAD, lilipochapisha mwaka 2018 matokeo ya utafiti wake kwa bandari za mabara mbalimbali, bandari nyingi zilizojibu zilikiri kuwa zimeshaathiriwa na hali ya hewa, lakini taarifa za kupangia hatua zilikuwa na mapengo makubwa. Mwongozo upo. Chama cha kimataifa cha wahandisi wa bandari na njia za maji, PIANC, kilitoa mwaka 2020 mwongozo wa hatua kwa hatua wa kupanga namna bandari itakavyohimili. Kinachokosekana ni sababu ya kuufuata.

Uingereza ilijaribu kuitengeneza sababu hiyo. Sheria yake ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2008 iliipa serikali uwezo wa kuyaagiza mashirika muhimu, zikiwamo bandari kubwa, kuandika taarifa ya hatari zinazoyakabili na hatua yanazochukua. Taarifa za kwanza zilitoka 2011 na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Baadaye serikali ikalegeza, awamu zilizofuata zikawa za hiari. Nadhani hapo walikosea, na sisi tusiwaige. Hiari huwaleta wale ambao tayari wanafanya vizuri; tunaowahitaji zaidi ni wale wasiopenda kuulizwa.

Na ahadi zisizofuatiliwa huyeyuka hata kwenye nchi tajiri. Baada ya Kimbunga Katrina kuiharibu bandari ya Gulfport, Mississippi, mwaka 2005, mpango ulikuwa kuliinua eneo lake hadi futi 25 juu ya usawa wa bahari ili lisizamishwe tena. Miaka ikapita, gharama na ratiba zikawalemea, mpango huo wa futi 25 ukaachwa. Waholanzi wamefanya kinyume chake kwa sababu wana desturi ya kupima na kurudia kupima. Malango makubwa ya Maeslant yanayoilinda Rotterdam yalikamilika 1997, yakafanyiwa majaribio kila mwaka, na usiku wa Desemba 21, 2023 yalijifunga yenyewe kwa mara ya kwanza baada ya maji kuvuka kiwango kilichowekwa. Sina matumaini kwamba tutajenga malango kama yale. Desturi yao ya kuweka kiwango, kukitangaza na kukijaribu kila mwaka tunaweza kuianza kesho bila mkopo wa mtu.

Mkataba wa miaka 30 na bahari inayobadilika

Oktoba 2023, Tanzania ilitia saini mikataba na kampuni ya DP World ya kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30. Kabla ya hapo nchi ilijadiliana kwa miezi kadhaa. Tulisikia hoja za uhuru wa nchi, ajira, mapato, ukomo na Muungano. Ulikuwa mjadala wa maana, na watu walitoa sauti zao. Lakini ilikuwa nadra kusikia mtu akiuliza swali la maji: katika miaka hiyo 30 yadi ikifurika, nani atagharimia kuinua sakafu yake? Mvua ikisimamisha kazi siku nyingi kuliko ilivyokadiriwa, hasara itaangukia upande gani? Barabara nje ya lango ikikatika, mwendeshaji atadai fidia kwa serikali au serikali itamdai yeye?

Maswali hayo ni ya haki kwa pande zote mbili. Mwekezaji mwerevu angependa yajibiwe mapema kuliko kubishana mahakamani mwaka 2045. Kenya nayo, inayofikiria kila mara namna ya kuwashirikisha watu binafsi Mombasa na Lamu, ijiulize hayohayo. Lamu kuna somo lake: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kutokana na athari za ujenzi wa bandari. Kaunti hiyo ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mikoko ni ukuta wa mawimbi usiohitaji saruji. Kuikata ili kupitisha bandari, kisha kukopa fedha za kujenga ukuta wa mawe, ni hesabu mbaya.

Haki yetu inahitaji ushahidi

Kuna wanaosema mzigo huu si wetu. Afrika inachangia sehemu ndogo mno ya hewa ukaa inayotolewa duniani. Kwa nini mlipakodi wa Tanga au Kwale alipie uharibifu ulioanzia kwenye viwanda vya wengine? Nakubaliana nao kabisa kuhusu haki. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 baada ya miaka mingi ya nchi maskini kuudai, na bado fedha zilizomo ni chache kulinganisha na mahitaji. Lakini mdai huenda na daftari. Nchi itakayosimama mbele ya mfuko huo ikasema bandari yake ilipoteza saa kadhaa mwaka fulani, mvua hii, barabara ile, kwa hasara hii, itasikilizwa kabla ya ile itakayosema kwa ujumla kwamba imeumia. Kumbukumbu ya siku zilizopotea ni chombo cha kupanga kazi ya ndani, na pia ni hati ya madai ya nje.

Wengine watasema tuna haraka ya mizigo, mambo haya yasubiri. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za biashara ya dunia, kwa ujazo, hupita baharini, na bandari zinazoshindana nasi hazitatusubiri. Ni kweli. Mwenye shaba ya Lubumbashi anaweza kuipeleka Dar es Salaam, Beira, Durban au Lobito, na anachotafuta zaidi ya bei ni uhakika. Bandari inayoweza kumwonyesha kumbukumbu ya miaka 5, kwamba mvua ilichelewesha mizigo kiasi hiki na ucheleweshaji huo unapungua kiasi hiki kila mwaka, ina bidhaa ya kuuza ambayo jirani zake hawana.

Kinachopaswa kuamuliwa

Kwanza, sheria iitake kila mamlaka ya bandari na kila mwendeshaji binafsi kuchapisha kila mwaka saa zilizopotea kwa sababu ya hali ya hewa, kwa kila gati na kwa kila aina ya shehena, pamoja na mahali mnyororo ulipokatika hadi kilomita 200 bara. Kenya ina pa kuanzia: Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 tayari inazipa taasisi za umma wajibu wa kupanga na kutoa taarifa. Imebaki kuuweka wajibu huo kwenye gati, kwa namba, na kuutoa kabatini. Tanzania Bara na Zanzibar ziandike vifungu vyao.

Pili, mtu mmoja awe na mamlaka juu ya ushoroba mzima siku ya dharura, kuanzia boya la kwanza baharini hadi bandari kavu, ili barabara, reli, umeme na mifereji visiwe na wenyewe wanne wasiopigiana simu. Tatu, vipimo vya maji ya bahari, vilivyoko Mombasa na Zanzibar tangu miaka ya 1980, vitunzwe, viongezwe hadi Mtwara na Tanga, na takwimu zake ziwafikie wahandisi kabla hawajachora. Nne, kila mkataba mpya wa gati utamke nani anabeba gharama ya maji. Tano, wafanyakazi wahesabiwe. Mtu anayefunga makontena juu ya saruji saa 8 mchana mwezi Februari anabeba joto ambalo hakuna mtambo unaolipima. Kivuli, maji na mapumziko viwe sehemu ya mpango wa kuhimili, na vyama vya wafanyakazi wa bandari viwe mezani unapoandikwa.

Hakuna kati ya haya linalohitaji kreni mpya. Mengi yanahitaji wino, daftari na kiongozi aliye tayari kusoma namba isiyomfurahisha. Kila mwaka wizara zinazosimamia uchukuzi husimama bungeni, Dodoma na Nairobi, na kwenye Baraza la Wawakilishi Zanzibar, kuomba fedha. Wabunge na wawakilishi wanayo nafasi ya kuuliza swali moja kabla ya kupitisha hata shilingi: mwaka jana bandari ilisimama saa ngapi kwa sababu ya hali ya hewa, na fedha hizi zitazipunguza kwa kiasi gani? Waziri akiwa na jibu, apewe fedha. Akikosa jibu, apewe tarehe ya kurudi nalo, na sisi wananchi tuikumbuke tarehe hiyo.